Mpeleka Barua Aliyepewa Cheo

 Wiki hii zamu ya historia ni yangu. Nilikuwa nimeandaa jambo lingine kabisa, lakini baada ya yale ya kwenye kibanda cha video nimebadilisha.

Mtakumbuka tuliangalia ile filamu ya vita ya Wajerumani ya mwaka 2022, iliyopata Oscar 4. Ilipoisha kijana mmoja akasema kwa sauti: "Mmeona? Mtu ni mnyama tu. Mzungu, Mwafrika, wote wanyama." Wengine wakacheka, wengine wakaitikia. Mimi nilinyamaza maana pale pale sikuwa na jibu. Lakini kitabu ambacho filamu imetoka kwake nimekisoma mara mbili, na hakisemi hivyo. Tena sehemu mbili ninazoziona mimi kuwa ndizo moyo wa kitabu, kwenye filamu hazimo kabisa. Kwa hiyo jibu langu kwa yule ndugu ni hili, limechelewa kidogo.

Kitabu kinaitwa Im Westen nichts Neues, yaani kama kusema "Upande wa magharibi hakuna jipya". Aliyeandika ni Erich Maria Remarque. Kilianza kutoka vipande vipande kwenye gazeti la Berlin mwishoni mwa 1928, halafu Januari 1929 kikawa kitabu kamili. Ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 2 kwa lugha nyingi. Nakala niliyosoma mimi ni ya Kifaransa, haina jalada. Aliikimbia nayo mwalimu mmoja wa kwetu Kongo, ndani ya begi pamoja na vyeti vyake. Nilimuuliza kwa nini aliacha sufuria akabeba riwaya. Akasema sufuria hutolewa na mashirika.

Remarque alizaliwa 1898 mji wa Osnabrück, baba yake alikuwa anajalidi vitabu, watu wa kawaida tu. Novemba 1916, ana miaka 18, akachukuliwa jeshini. Juni 1917 akafika mstari wa mbele, na tarehe 31 Julai vipande vya kombora vikamjeruhi, akapelekwa hospitali ya Duisburg. Kwa hiyo vitani kwenyewe alikaa chini ya miezi miwili. Baadaye maadui zake walimcheka, eti miezi miwili mtu anajua nini kuhusu vita. Sisi hapa tunaweza kujibu hilo. Kwetu usiku mmoja ulitosha.

Vita yenyewe ni ile ya kwanza ya dunia, kuanzia 1914 hadi tarehe 11 Novemba 1918. Wanajeshi wapatao milioni 9 walikufa. Na wala haikuwa ya Ulaya peke yake: askari wa Kongo ya Wabelgiji waliingia hapa Kigoma na wakafika hadi Tabora mwaka 1916, na jina la Kariakoo ya Dar linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Hiyo nitaiandikia siku nyingine, msinivute huko sasa.

Basi, hadithi. Anayesimulia ni Paul Bäumer, mwanafunzi. Mwalimu wao Kantorek aliwahutubia mpaka darasa zima likaenda kujiandikisha jeshini. Alikuwepo kijana mmoja mnene, Behm, ambaye hakutaka. Akaona aibu kubaki peke yake, akaenda. Akawa miongoni mwa wa kwanza kufa. Kwetu Kivu tunajua habari hii bila kusoma Kijerumani. Mwaka 1996 wale watoto walioitwa kadogo wengi hawakukamatwa kwa kamba, walihutubiwa. Mtu mzima mwenye maneno mazuri na redio alikuja, na mtoto ambaye hakutaka kuonekana mwoga akapanda gari.

Kabla ya vita vijana hawa wanapita mafunzoni, na hapo ndipo anaingia mtu ninayetaka kumzungumzia. Anaitwa Himmelstoss. Ni koplo. Anawasafishisha chumba kwa mswaki wa meno. Anamtandikisha Paul kitanda kimoja mara kumi na nne, kila mara akikivuruga. Anawapeleka wakaondoe theluji kwenye uwanja kwa kibrashi na kizoleo. Yupo askari mwenye tatizo la kukojoa kitandani, Tjaden. Himmelstoss anamtafuta mwingine mwenye tatizo hilo hilo, anawalaza vitanda viwili vya juu na chini, na kila usiku wanabadilishana, ili wafundishane adabu. Na huyu bwana kabla ya vita alikuwa nani? Mpeleka barua. Alikuwa akipita mitaani na begi lake, akiwapa watu barua zao, na nadhani akiwasalimia.

Vijana wanajiuliza: mpeleka barua amekuwaje hivi? Anayejibu ni Katczinsky, wanamwita Kat, mtu wa miaka 40, fundi viatu, mjuzi wa kutafuta chakula mahali ambapo wewe unaona mawe tu. Nitasema kwa maneno yangu: mzoeshe mbwa kula viazi, atakula viazi miaka na miaka. Siku moja mwekee nyama, uone kama hataidaka. Na mtu ni hivyo hivyo ukimpa mamlaka kidogo. Jeshi, kwa mujibu wa Kat, limejengwa ili kila mmoja awe na mwenzake wa chini yake wa kumbana.

Hapa yule ndugu wa kibandani atasema, si unaona, mbwa! Subiri kwanza.

Nilipoisoma sehemu hii mara ya kwanza niliwafikiria watu wengi walionibana mimi. Wa mpakani, wa ofisini, wa lango. Nilifurahi sana kuwatia wote ndani ya Himmelstoss. Mara ya pili nilipoisoma nilikuwa tayari nimeshaanza kujitolea kwenye mgao, na furaha ile haikurudi.

Nitawaambia kwa nini. Siku moja nilikuwa kwenye foleni, nimevaa reflekta, nina spika ya mkononi. Kuna mistari kulingana na ukubwa wa familia. Bibi mmoja alisimama mstari usio wake, na alikuwa amekaribia kufika mbele. Nikamwambia arudi mstari wake, aanzie nyuma. Akasema, "Mwanangu, miguu." Sasa mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Ningeweza kumwambia sikioni, ningeweza kumwombea nafasi kwa wale wa mbele, wasingekataa. Nilinyanyua spika nikasema kanuni ni kanuni, na wanaojifanya wazee tunawajua. Watu walicheka. Bibi akarudi nyuma kabisa, akiwa ameshika kadi yake hivi, kwa mikono miwili.

Jioni mama yangu aliniuliza kama nimekula. Halafu akasema, "Leo sauti yako imefika mpaka huku." Hakuongeza neno.

Hakuna aliyeniagiza kufanya vile. Wala sikuwa na hasira, na huyo bibi sikumchukia. Nilikuwa na reflekta tu. Zile nguo ninapozivua jioni mimi ni mtu mwingine, nacheza na watoto wa jirani. Na Himmelstoss nadhani alikuwa na jioni zake pia.

Lakini kitabu hakimwachi Himmelstoss pale, na hapa ndipo ninapotofautiana na "mtu ni mnyama". Kwanza vijana wanamvizia usiku, wanamfunika shuka kichwani na kumchapa vibaya sana, na wanafurahia, na msomaji anafurahia pamoja nao. Baadaye na yeye analetwa mstari wa mbele. Katika shambulio Paul anamkuta amejificha kwenye handaki, ana mkwaruzo mdogo, anajifanya kaumia. Paul anampiga mateke atoke, hatoki. Anapita luteni anatoa amri, na yule yule Himmelstoss anachomoka mbio kwenda mbele kuliko wote. Na baadaye zaidi? Westhus, mmoja wa wale vijana waliomchapa, anapigwa mgongoni. Anayemrudisha ni Himmelstoss. Tena anawaomba yaishe, anapata kazi jikoni, anawapa sukari na siagi.

Sasa niambieni, huyu ni mnyama gani? Mtu mmoja, miaka michache: mpeleka barua, mtesaji, mwoga, mwokoaji, mpishi. Remarque hasemi ipi kati ya hizo ndiyo sura yake ya kweli. Nadhani hasemi kwa sababu hakuna. Himmelstoss alifuata kile alichopewa mkononi na nani alikuwa anamtazama.

Na upande wa pili nao haujaachwa. Yule mwalimu Kantorek mwishoni anaitwa jeshini, mzee, nguo hazimkai. Anayempa mazoezi ni mwanafunzi wake wa zamani, Mittelstaedt. Anamtesa kwa maneno yale yale aliyokuwa akiwatesea darasani. Paul anatazama, anacheka mpaka basi. Nami nilicheka. Ni baadaye tu nikaona kwamba Mittelstaedt amepewa nyama na ameidaka. Ndugu wa mashirika, ninyi mnaotupa mafunzo ya uongozi, sehemu hii ingefaa kuliko zile karatasi za ukutani, nawaambia bila kuwavunjia heshima.

Mafunzo yote haya ya Himmelstoss filamu ya 2022 imeyaruka. Imeruka pia likizo.

Likizo ni pale Paul anaporuhusiwa kwenda nyumbani siku chache. Mama yake ni mgonjwa wa saratani. (Mama wa Remarque mwenyewe alifariki kwa saratani mwaka 1917.) Baba anataka mtoto atembee na sare ili watu wamwone, na anataka kusimuliwa mambo ya vita. Wazee wa mjini wanamkalisha na bia, wanamfundisha jinsi vita inavyotakiwa kushindwa. Anaingia chumbani kwake, anatazama vitabu alivyovipenda, havimwambii kitu. Halafu anakwenda kwa mama wa rafiki yake Kemmerich, ambaye alikatwa mguu akafa taratibu hospitalini huku Paul amekaa pembeni yake. Mama anataka kujua ukweli. Paul anasema alikufa papo hapo, hakusikia maumivu. Mama haamini, anamwapisha. Paul anaapa.

Mkubwa wangu alichukuliwa na kikundi kimoja cha silaha kule kwetu akiwa na miaka 15. Alirudi baada ya miaka miwili, na wakati huo tulikuwa tayari tumeshavuka ziwa. Watu walijaa kwenye hema letu. Binamu mmoja akamuuliza mbele ya wote, "Uliua?" Mkubwa akainuka akaenda kuosha sufuria iliyokuwa tayari safi. Wiki ile ile akaja mama wa kijana waliyechukuliwa pamoja. Nilikuwa mdogo, nimekaa mlangoni. Mkubwa akamwambia, "Hakuteseka, mama. Ilikuwa mara moja." Yule mama akashika mkono wake akauliza tena, na yeye akarudia maneno yale yale, kwa sauti ile ile, kama mtu anayesoma.

Nilipofika kwenye sura ya Kemmerich nilifunga kitabu. Sijawahi kumuuliza mkubwa wangu. Kwenye filamu siku ile alikuwepo kibandani, alitoka kabla ya nusu. Labda mlidhani kaenda chooni.

Kuna sehemu ambayo filamu inayo na wote mliiona: Paul kwenye shimo la bomu, Mfaransa anamwangukia, anamchoma kisu kwa hofu. Mfaransa hafi haraka. Saa zinapita. Paul anamfunga majeraha, anampa maji ya matope. Akishakufa anafungua pochi yake, anakuta picha ya mwanamke na msichana mdogo, na jina: Gérard Duval, mpiga chapa. Paul anamwahidi maiti kwamba ataihudumia familia yake, atapigania haya yasitokee tena.

Watu wanaipenda sana sehemu hii. Mimi naomba mwenye kitabu asome kurasa zinazofuata. Jioni haijaisha vizuri, Paul tayari anajua hataandika barua yoyote kwa mke wa Duval. Akirudi kwa wenzake anawasimulia, wanamtuliza, wanamwonyesha mdunguaji mmoja mwenye bunduki ya darubini anayehesabu watu aliowapiga, anafurahia. Na Paul anajisemea kuwa vita ni vita. Basi. Yale machozi yote ya shimoni yamekwisha.

Ni kurasa za kutisha kuliko kisu. Tena ni za kweli. Ahadi ya Paul haikuwa uongo alipoitoa, alikuwa peke yake na uso wa mtu. Aliporudi kwenye kundi, kundi lilikuwa na maneno tayari. Huku kambini tunafanya semina za amani, tunashikana mikono, Mbembe na Mnyamulenge, Mhutu na Mtutsi, tunalia kabisa, na kilio ni cha kweli. Kisha tunarudi kila mtu kwenye kijiji chake cha kambi. Sisemi semina ni bure. Nasema tu Remarque aliandika ukurasa wa kesho yake, na sisi hatuuandiki kwenye ripoti.

Mimi nina ugomvi mmoja na kitabu hiki. Usiku mmoja Paul na wenzake wawili wanaogelea kuvuka mfereji kwenda kwa wanawake watatu wa Kifaransa upande wa pili. Wamebeba mkate na soseji. Wanawake wana njaa, nchi yao imekaliwa na jeshi hilo hilo. Wanakula, halafu mnajua kinachofuata. Paul anaona ni usiku wa upole, karibu wa mapenzi, na anaumia kidogo kwamba mwanamke hasikitiki anapoambiwa anaondoka. Nilisoma nikageuza ukurasa nikitafuta upande wa yule mwanamke, haupo. Alikuwa anafikiria nini akitazama ule mkate? Kwenye vita hii ya Remarque watu wa vijijini ni kama miti ya pembeni. Ila sisi ndio wale wa vijijini. Mtu aliyekuja usiku na chakula na sare, dada zetu humu wanamjua, na hawamsimulii hivyo. Hapo Remarque, aliyeona mengi kuhusu cheo na nyama, hakuona kwamba mkate nao ni cheo.

Angalau ipo sehemu ya wafungwa wa Kirusi. Paul anawalinda karibu na kambi ya mazoezi. Wanakuja kuokota mabaki kwenye mapipa ya takataka, wanyonge, wanabadilisha mabuti yao kwa mkate. Anawatazama nyuma ya waya na kuwaza kwamba neno moja la wakubwa limewafanya kuwa maadui zake, na neno lingine lingewafanya marafiki. Anawagawia sigara, na mikate ya viazi aliyopikwa na mama yake mgonjwa. Sehemu hii naiamini. Kutoa sigara hakumgharimu sana, wala hajifanyi shujaa.

Paul anakufa Oktoba 1918, mwezi mmoja kabla ya amani, siku tulivu kiasi kwamba taarifa ya jeshi ilisema upande wa magharibi hakuna jipya. Ndiyo jina la kitabu.

Na kitabu chenyewe kilipata vita yake. Desemba 1930 filamu ya kwanza iliyotengenezwa Marekani ilipooneshwa Berlin, wafuasi wa Hitler wakiongozwa na Goebbels waliingia ukumbini wakaachia panya weupe na vitu vya kunuka mpaka onyesho likavunjika. Siku chache baadaye serikali, ambayo bado haikuwa ya Hitler, ikaipiga marufuku filamu. Waliofanya fujo walishinda, waliokaa kwenye viti kimya walirudi nyumbani. Mwaka 1933 Remarque akahamia Uswisi, Mei mwaka huo vitabu vyake vikachomwa moto hadharani. 1938 akavuliwa uraia wa Ujerumani. Kwa hiyo huyu mwandishi ni mwenzetu, mtu asiye na nchi, ingawa tuseme ukweli alikuwa na pesa na nyumba ziwani, sio hema. Aliandika baadaye kuhusu wakimbizi wasio na karatasi, mmojawapo ni daktari anayepasua watu kwa siri Paris kwa kuwa hana kibali cha kufanya kazi. Wauguzi wetu humu mtanielewa.

Dada yake, Elfriede, fundi cherehani, alibaki Ujerumani. 1943 alisema mbele ya watu kwamba vita imeshapotea. Akashitakiwa, na tarehe 16 Desemba 1943 akakatwa kichwa. Familia ikatumiwa hata bili ya gharama. Remarque alipata habari vita ilipokwisha, na 1952 alimwandikia dada yake kitabu kingine kwa heshima.  Miongoni mwa waliomshitaki alikuwa mtu aliyekuwa anashona nguo kwake.

Kitabu kiko kwangu. Anayesoma Kifaransa aje achukue, ila asikunje kurasa, zinakatika. Kwa wasiosoma, Jumamosi baada ya mgao nitasoma sura ya likizo pale kibandani na kutafsiri kwa mdomo, bila umeme hatuhitaji. Yule bibi wa foleni nilikwenda kwake na mama, tukakaa, hakuongelea foleni, aliongelea mbuzi aliowaacha Fizi. Nitarudi.

Mkubwa wangu nimemwambia kuhusu Jumamosi. Amesema atakuja, lakini atakaa nje.